Mkopo na bima kubwa kwa WRX iliyotumika, Dodoma

Kwa anayenunua Subaru Impreza WRX yake ya kwanza, bima kubwa (inayolipa hata hasara ya gari lako) naipa nyota nne, mkopo wa gari mbili na nusu.

Shida ya mkopo ni riba. Milioni 15 kwa asilimia 18 kwa mwaka, miaka mitatu, riba ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, rejesho ni takriban 641,700 kwa mwezi. Asilimia ileile ikipigwa kwenye salio linalopungua, ni kama 542,300. Dai jedwali la marejesho kabla ya kusaini. Ofisa akisitasita, ondoka.

Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5: gari la milioni 20 ni 700,000, pamoja na VAT 826,000. Bima ndogo hulipa hasara ya mwenzako tu, na benki inayokukopesha haiikubali. Madai hukwama pale turbo au eksozi ilipobadilishwa bila kuandikwa kwenye fomu, au leseni ya dereva ilipoisha. Kupandisha thamani ya gari kwenye fomu nako ni kupoteza ada: gari likiteketea, unalipwa bei ya soko. Stika ya bima ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, siku hiyohiyo unapokata, usingoje trafiki wa barabara ya Singida akuambie ni feki.