Viwango vya Taifa au Sheria Ndogo za Halmashauri: Kipi Kilinde Hewa ya Dodoma?

Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018, ujenzi umeendelea kudai kokoto na matofali ya kuchoma, ambavyo utengenezaji wake huleta vumbi na moshi, na swali linarudi: je, halmashauri iruhusiwe kutumia sheria ndogo, yaani kanuni inazojitungia, badala ya viwango vya taifa vya ubora wa hewa?

Kwa gharama, viwango vya taifa vinashinda. Kanuni za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zipo tayari, ilhali halmashauri inayotaka kuweka kikomo chake inahitaji vipimo, wataalamu na takwimu za miaka kadhaa.

Kwa kufaa mazingira, mizani inageuka. Kanda ya kati ni nusu jangwa, na mvua zikishakoma upepo wa kiangazi huinua vumbi ambalo halikutoka katika bomba la kiwanda chochote. Sheria ndogo inaweza kudai lori la mchanga lifunikwe turubai, barabara ya machimbo imwagiwe maji, au tanuri la matofali lisogezwe mbali na shule.

Usimamizi ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa halmashauri inayonufaika na ushuru wa kokoto ndiyo hiyo hiyo ambayo ingepaswa kumwadhibu mchimbaji, na moshi hautambui mpaka kati ya wilaya jirani ya Chamwino na jiji.

Anayeishi jirani na machimbo atafaidika na sheria ndogo inayoongeza masharti juu ya kiwango cha taifa. Mwenye viwanda katika wilaya kadhaa atahitaji kanuni moja.