Bega na nyonga: kipi kinazunguka, kipi kinabeba

Vyote viwili ni viungo vya namna moja: kichwa cha mfupa, cha mviringo, kinachozunguka ndani ya tundu. Tofauti ni kina cha tundu. La nyonga ni kama kikombe. Hukikumbatia kichwa cha mfupa wa paja, ndiyo maana mtu hutembea na gunia mgongoni bila mguu kuchomoka.

Bega lina kisahani tu. Misuli minne na kano zake ndiyo hasa inayolishikilia, nami naistaajabia kazi hiyo. Mkono hufika juu, nyuma, karibu kila upande, lakini bega ndilo kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi zaidi mwilini. Likiteguka, tafadhali usimwache jirani alivute: mishipa ya fahamu inapita papo hapo.