Nakala ya picha ya Jahangir na shehe: wamemkata mchoraji!

Nimekaa na hasira hii tangu mzigo ufike, mwezi uliopita kama si ule wa kabla yake. Picha yenyewe ni ya mchoraji Bichitr, ya kati ya 1615 na 1618 hivi. Jahangir, mfalme wa Wamughal wa India, amekaa juu ya saa ya mchanga, anampa kitabu shehe mwenye ndevu nyeupe. Chini ya shehe kuna sultani wa Kituruki, halafu James wa Kwanza wa Uingereza, na kwenye kona kabisa Bichitr mwenyewe na kilemba chake chekundu.

Huyo wa kwenye kona ndiye waliyemkata.

Nilifungua boksi palepale mlangoni. Juu safi. Nikashusha macho: kilemba, nusu ya uso, halafu mbao ya fremu. Kijipicha alichoshika Bichitr, alimojichora akiinama, hakipo. Kigoda cha kukanyagia mfalme, ambacho ndicho alichoandikia jina lake, hakipo. Malaika wanaoandika kwenye ile saa wakimwombea mfalme miaka elfu, hawapo, na mchanga ulioshuka chini ya saa, unaoijibu dua yao kwamba muda unaisha, nao haupo!

Nikawapigia simu walioniuzia. Kijana akanijibu: "Kaka, mfalme si yupo mzima? Huyo wa kwenye kona ni mtumishi tu, hakuna anayemtazama." Eti fremu zao ni za kipimo kimoja, kwa hiyo picha ndiyo inayopunguzwa. Nikamwambia, mdogo wangu, picha hii inasema kinyume chako: wafalme wawili wamesimama wanangoja, na anayepewa kitabu ni mtu wa dini asiye na taji. Akanikatia simu.

Nilishaandika nyota moja. Lakini usiku nikaisogeza karibu na taa, na haki lazima niiseme, uchapaji ni wa hali ya juu. Ndevu za shehe zimetoka unywele kwa unywele. Utaona kabisa kwamba kitabu hakipokei kwa mikono mitupu, amekitandazia nguo, kana kwamba hataki hata kuigusa mali ya dunia. Dhahabu ya duara la nuru nyuma ya kichwa cha Jahangir inawaka. Nikabadilisha, nikaweka tatu. Kwa rangi hizi hata nne zingewafaa.

Kisha nikakumbuka "mtumishi tu". Mtu aliyejipanga kwenye safu moja na wafalme, kwa mkono wake mwenyewe, miaka mia nne iliyopita! Nimerudi kwenye nyota moja, na hiyo moja ni ya shehe.

Sijairudisha picha, nimeshindwa. Ipo sebuleni, na kila mgeni akiingia namwonyesha kwa kidole pale ukutani, chini ya fremu, mahali Bichitr alipotakiwa kuwa.