Machu Picchu au Choquequirao?

Peru ina magofu mengi ya Wainka, watu waliotawala milima ya Andes kabla ya Wahispania, na kati ya haya mawili makubwa mwenye siku chache hana budi kuchagua. Machu Picchu, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1983, inafikika kwa treni kisha basi. Tiketi ina saa yake ya kuingia na njia ya kufuata. Uzuri wake haupingiki, na kwa mwenye magoti mabovu ndilo chaguo sahihi.

Choquequirao haina barabara. Unateremka hadi mto Apurímac, unavuka, kisha unapanda ng'ambo ya pili. Kwenda na kurudi kwa kawaida ni siku nne. Jasho hilo linalipwa kwa utulivu. Kwenye kuta za matuta kuna llama, wanyama wa kubeba mizigo wa Andes, waliochorwa kwa mawe meupe, na unaweza kuwatazama mmoja mmoja bila mtu kukuharakisha. Sehemu kubwa bado imefunikwa na msitu, hivyo macho yanatafuta yenyewe badala ya kuhakiki picha uliyokwisha kuiona mara mia. Mimi, nikiwa na wiki nzima na miguu yenye nguvu, ningekwenda huku bila kusita.