Kombati ya Woodland: Imulike Kwanza, Ulipe Baadaye

Malalamiko ya wasomaji walioko Marekani na Uingereza yanafanana kama mayai ya kuku mmoja. Koti la masalio ya jeshi lenye mabaka ya Woodland, ule mchoro wa msitu wa Marekani, limeagizwa kwa ajili ya kuwinda au kucheza airsofti (mchezo wa bunduki za risasi za plastiki), picha ilikuwa safi, saizi imekaa, vifungo vyote vipo. Usiku ukaingia, mwenzake mwenye kifaa cha kuonea gizani akamwona kutoka mbali, anang'aa kama kanzu mpya ya Idi. Muuzaji hakudanganya kuhusu kitambaa wala mishono. Kuhusu rangi alinyamaza tu.

Kwa hiyo hapa hatuhesabu mifuko. Chaguo zimepangwa kwa kigezo kimoja kabla ya vingine vyote: rangi inafanya nini chini ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho ila kwa kifaa cha usiku, na je, mvaaji wa kwanza aliiharibu kwa wanga, pasi na sabuni?

Na kama unawaza kumtumia shemeji Dar es Salaam au Nairobi, acha. Tanzania, Kenya na Uganda raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi, na Agosti 2023 jeshi la Tanzania, JWTZ, liliwapa raia siku 7 kusalimisha mavazi ya kijeshi na yanayofanana nayo. Usiifiche hata chini ya begi la mitumba.

Sasa rangi. Jani bichi huakisi sehemu kubwa ya infraredi, ndiyo maana msitu ukitazamwa kwa kifaa cha usiku huonekana mweupe-mweupe, na vivuli vikibaki vyeusi. Woodland halisi ya Marekani, ile inayoitwa M81, ilipakwa rangi kwa kulijua hilo: kijani kinang'aa kiasi, baka jeusi linabaki jeusi, na umbo la mwili linaendelea kuvunjikavunjika hata gizani. Rangi za kawaida za dukani, hasa zikiwa kwenye poliesta, huakisi karibu kila kitu, nyeusi ikiwemo. Rangi zote nne za mabaka zinayeyuka kuwa moja, anabaki mtu mzima mweupe katikati ya vichaka.

Mchoro wenyewe ni mkongwe kuliko jina lake. Ulianzia mwaka 1948 kwenye maabara ya wahandisi wa jeshi huko Fort Belvoir, Virginia, ukaitwa ERDL kwa kifupi cha jina la maabara hiyo, na haukuvaliwa kwa wingi hadi Vita vya Vietnam. Mabaka yake yalikuwa madogo, mazuri kwa msitu mnene ambako adui yuko hatua chache. Ukiyatazama kwa mbali yanaungana kuwa rangi moja. BDU, sare ya kazi ya jeshi la Marekani, ilipoingia mwaka 1981, mchoro ulikuzwa kwa asilimia 60 ili ufanye kazi kwenye masafa marefu zaidi. Ukipata ERDL halisi ya miaka ya 1960, muuzie mkusanyaji. Usiende nayo kulalia matope.

Kupima hakuhitaji maabara. Chukua kamera ya ulinzi ya nyumbani inayoona usiku, zima taa, tundika koti, kisha ning'iniza kando yake jani bichi lililochumwa muda huohuo. Jani litang'aa. Koti zuri litaonyesha kijani kinachokaribia jani na baka jeusi lililosimama wazi. Koti baya litakuwa shuka moja nyeupe. Kamera ya nyuma ya simu haifai kwa kazi hii kwa sababu nyingi zina kichujio cha infraredi.

Halafu tochi ya urujuanimno ya nanomita 365, ndugu yake ile taa ya kukagulia noti bandia. Kitambaa kikiwaka buluu, kimefuliwa kwa sabuni yenye ving'arishi, kemikali za kuipa nguo weupe. Hili linamhusu zaidi mwindaji: kulungu huona mwanga wa buluu na ukingo wa urujuanimno vizuri kuliko sisi, na alfajiri ndiyo saa yake. Ving'arishi vikishaingia havitoki kirahisi.

Kipimo cha tatu ni tone la ayodini ndani ya mfuko, mahali pasipoonekana. Likigeuka buluu iliyokolea au nyeusi, kuna wanga. Maelekezo ya ufuaji ya BDU yanakataza wanga, lakini askari waliosubiri ukaguzi walizipiga wanga hadi suruali zikasimama zenyewe. Wanga wenyewe hutoka ukiloweka kwenye maji ya vuguvugu. Kisichorudi ni kitambaa kilichochakaa pale pasi ilipopita kila siku: tafuta mstari mweupe mbele ya suruali na juu ya mkono wa koti. Ukiukunja mstari huo mara mbili na kuona nyuzi zimekatika, rudisha.

Kama unanunua mtandaoni na huwezi kupima chochote, omba picha ya kifua, juu ya mifuko. Pale palipobanduliwa kitambaa cha jina pana mstatili wenye rangi ya awali. Tofauti kati ya mstatili huo na kitambaa cha pembeni ndiyo kiasi cha rangi kilichopotea. Tofauti kubwa, kaa mbali.

Kisha lebo. Namba ya mkataba kati ya jeshi na mshonaji ndiyo cheti cha kuzaliwa. DSA100 ni ya kabla ya 1977, DLA100 ni kuanzia hapo hadi katikati ya miaka ya 1990, SPO100 ni ya baadaye. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa mkataba: DLA100-86 ni mkataba wa 1986, ingawa koti lenyewe linaweza kuwa limeshonwa baadaye kidogo. Saizi iliyoandikwa 7080/9404 husomwa hivi: urefu wa mtu sentimita 170 hadi 180, kifua 94 hadi 104. Hiyo ndiyo Medium-Regular. Lebo ya kiwandani isiyo na namba ya mkataba ni nguo ya kiraia, hata jina liwe kubwa kiasi gani.

Namba moja, bila kusitasita: BDU ya hali ya joto ya ripstopu, nusu nailoni nusu pamba, yenye mkataba wa SPO100. Ni nyepesi, inakauka haraka, vijimraba vya uzi mnene vinazuia mpasuko usiendelee, na rangi zake zinashika. Kati ya washonaji wa mikataba hiyo napendelea Propper, kampuni ya Missouri, na sioni haya kusema hivyo. Propper huuza pia za kiraia, kwa hiyo jina lisikulevye. Angalia namba.

Usiichanganye na dada yake wa miaka ya 1980, ripstopu ya pamba tupu. Hiyo ilitolewa baada ya askari kulalamikia joto la kitambaa kizito katika uvamizi wa Grenada mwaka 1983. Ni tamu kuvaa ila inapauka haraka na kusinyaa. Ukiipenda, nunua ambayo haijawahi kufuliwa.

Namba mbili ni BDU nzito ya twili, nailoni na pamba nusu kwa nusu. Kwa baridi ya Minnesota au Michigan hii ndiyo yenyewe. Kagua viraka vya viwiko na magoti, na mshono wa kati wa suruali, ambako ndiko huanza kuachia. Kwa vile ndiyo iliyopigwa wanga kuliko zote, ayodini ni lazima.

Aliyeko Uingereza asilipie meli: achukue DPM, mabaka ya jeshi la Uingereza. Mabaka haya yalienea jeshini na sare ya 1968, na toleo la Soldier 95 ni jepesi. Koti lililoandikwa 180/96 ni urefu na kifua kwa sentimita. Kwenye suruali namba tatu ni mguu wa ndani, kiuno na makalio. Mabaka ya ukoo huu yamevaliwa hata na jeshi la Kenya, sababu nyingine ya kutosafiri nayo.

Flecktarn ya Ujerumani, yenye rangi tano na madoa, kwa kuficha mtu mchana kwenye msitu wa misonobari inaishinda M81. Ipo chini hapa kwa sababu saizi zake ni namba za peke yake, na soko limejaa nakala zilizochapwa kwenye poliesta. Centre Europe ya Ufaransa ni jamaa wa karibu wa M81, nzuri ukiipata karibu nawe.

Kinachoudhi ni bei. BDU ilipoondolewa rasmi katika jeshi la nchi kavu la Marekani Aprili 2008, makoti haya yalirundikwa kwenye maduka ya masalio kama viazi. Sasa yamekuwa fasheni, na kila mwenye rundo anaandika "vintage", anapiga koti pasi ya moto ili lipendeze kwenye picha, yaani analiua ndipo analiuza, kisha anaficha lebo. Ukiomba picha ya lebo anakujibu "ni original, niamini". Asiyetaka kupiga picha moja ya lebo hastahili pesa yako.

Nakala za bei rahisi za poliesta na pamba? Za kulimia bustani.

Ukishapata nzuri, igeuze ndani nje, ifue kwa maji baridi na sabuni isiyo na ving'arishi wala jiki, uianike kivulini. Pasi iache kwa mashati ya kanisani.