Ringi 26, 27.5 au 29? Nilivyochagua mimi hapa Malindi

Jina ni baiskeli ya mlimani, lakini Malindi mlima hatuna. Tuna mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochomoza njiani, na miiba. Hiyo ndiyo mizani niliyotumia nilipotaka kubadilisha baiskeli. Ya ringi ya inchi 26 ni yangu ya zamani, ya 27.5 na ya 29 niliazima kwa jamaa. Zote nikazipitisha njia zilezile za vumbi upande wa Kakuyuni na Jilore, na pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke.

29 iliniteka kwenye mawe. Ringi ndogo hutumbukia shimoni na kugonga ukingo kwa nguvu, mpaka mikono inakufa ganzi. Hii kubwa hupanda juu ya jiwe taratibu, na ikishashika kasi haipotezi mwendo ovyo. Kasoro yake ni kuondoka. Ukisimama mchangani ukataka kuanza upya, uzito unausikia, na gia ileile huwa nzito kwa kama asilimia 10 kuliko kwenye 26, maana kila mzunguko wa gurudumu unakwenda mbali zaidi. Tafuta yenye gia nyepesi za kutosha.

Lakini mchanga wenyewe, ule mweupe wa upande wa Gede unaomeza tairi, haujali sana ukubwa wa ringi. Unajali upana wa tairi na upepo. 29 ya jamaa yangu ilikuja na tairi la upana wa inchi 2.1 lililojazwa likawa gumu kabisa, ikazama. 26 yangu yenye tairi pana lililopunguzwa upepo ikapita. Nilipoushusha upepo wa ile 29 hadi paundi 25 hivi, ikawa baiskeli nyingine. Ila kama unatumia tyubu usizidishe kupunguza: ukigonga jiwe, ringi huibana na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba kama meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, usihangaike kutafuta mwiba.

Kwenye vipuri 26 haina mpinzani. Tairi na tyubu zake utazipata kwa fundi yeyote, hata vijijini. Fundi wangu alipoiona ya 29 aliniuliza, “Tairi la hii utalitoa wapi, kaka?” kisha akataka kuivalisha la 28 la baiskeli ya Black Mamba. Haliwezekani! Ile 28 hukalia ringi ya kipenyo cha milimita 635, ilhali 29 ni 622, sawa na zile 700C za baiskeli za lami. 27.5 ni 584, na 26 ni 559. Namba hizo huandikwa ubavuni mwa tairi. Zisome hizo, hizi za inchi zinachanganya watu.

27.5 sina la kuilaumu, ila kwa njia zetu haipiti mawe kama 29 wala haina vipuri vya 26. Mtu mfupi ningemwambia aichukue, kwa sababu kwenye fremu ndogo ya 29 ncha ya kiatu inaweza kugusa gurudumu la mbele ukikata kona.

Mimi nimechukua 29 ya mtumba, nikaifunga tairi za 2.35. Kabla ya kulipa nilichungulia nafasi kati ya tairi na fremu, maana si kila fremu inakubali upana huo. Tyubu naagiza Mombasa. Zikichelewa, ya 27.5 huvutika ikaingia, na nyumbani nafika.