Baiskeli ya Kupanda Nayo Kitulo: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kusini mwa Tanzania, barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57, ndiyo maana watu wanaiita Hamsini na Saba. Ukizimaliza bado hujafika uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mita 2,600 hivi, ambako alfajiri za Juni na Julai majani huota barafu. Mbele yake kuna Makete, halafu Njombe. Ni safari ya siku kadhaa, na fundi utakayemkuta njiani maisha yake yote ametengeneza Phoenix, zile baiskeli nzito za gia moja. Mfikirie yeye kabla hujatoa hela.

Ninayoiweka juu ya zote ni baiskeli ya gia ya mtumba: fremu ya chuma, ringi za inchi 26, uma wa mbele usio na springi, breki za mpira zinazobana ringi pande zote mbili. Chuma kikipasuka, anayechomelea mageti mjini atakiunga. Aluminiamu hataiweza. Tairi na tyubu za inchi 26 utazipata hata kwenye miji midogo. Kubwa zaidi ni gia. Tafuta yenye gia ndogo ya mbele ya meno 22 na kubwa ya nyuma ya meno 34: pedeli ikizunguka mara moja, baiskeli inasogea kama mita 1.3 tu. Unaenda polepole sana, lakini unabaki umekaa kwenye kiti, na mzigo unapanda. Usihesabu idadi ya gia kama wauzaji wanavyofanya. Hesabu meno.

Ya pili ni baiskeli iliyoundwa mahsusi kwa safari ndefu, kama Surly, inayokuja na wageni au kuagizwa nje. Ni imara kweli, ila ni ghali, na ringi zake aghalabu ni za milimita 622. Hapa watu hujichanganya: tairi zake huandikwa inchi 28, na za Phoenix pia huandikwa 28, lakini ringi ya Phoenix ni milimita 635. Haziingiliani. Ukiinunua, beba tairi ya akiba. Ikiwa na breki za mafuta, muulize muuzaji anapopatikana fundi wa kuzijaza. Mimi ningechagua za waya.

Phoenix ya gia moja naiweka ya tatu, tena kwa heshima. Kerea yake hubeba gunia, na spoki zake zipo kila gulio. Lakini mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza zaidi ya mita 5, kwa hiyo Hamsini na Saba utaisukuma kwa mkono. Kinachonitia hofu zaidi ni kushuka. Ringi ya chuma ikilowa, breki zinateleza, na huko mvua za Novemba hadi Aprili hazina utani. Kwa bonde tambarare la Usangu, inunue bila wasiwasi.

Ile mpya inayong'aa, yenye springi mbele na nyuma, ya bei rahisi, iache dukani. Springi zinameza nguvu zako kila unapokanyaga, maungio yake hulegea kwenye makorongo, na kerea ya maana huna pa kuifunga.

Ukishachagua, usilipe bado. Geuza baiskeli, zungusha magurudumu uone kama ringi imepinda. Minya spoki mbilimbili, iliyolegea itajitambulisha. Pitisha kidole nyuma ya shingo ya fremu, chini ya usukani, ukitafuta ufa uliofichwa na rangi mpya. Halafu funga dumu la maji la lita 20 kwenye kerea, panda mlima wa karibu, na ushuke nalo. Usukani ukitikisika kwenye mteremko, mrudishie mwenyewe baiskeli yake.